Uyoga wa mamama: kilimo cha ndani ya nyumba katika baridi ya Anoka

Mji wa Anoka, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, uko kiasi cha kilomita 30 kaskazini-magharibi mwa Minneapolis, mahali ambapo Mto Rum unaingia katika Mto Mississippi. Ardhi ya huko huganda kwa miezi kadhaa kila mwaka, na usiku wa Januari baridi hufikia mara kwa mara nyuzi 15 chini ya sifuri. Hata hivyo lipo zao lisilohitaji shamba wala jua kali, ambalo mhamiaji kutoka Afrika Mashariki anaweza kulivuna hata theluji ikiwa imefunika mlango: uyoga.

Aina iliyo rahisi zaidi kwa anayeanza ni ile ambayo wataalamu huiita Pleurotus ostreatus. Wakulima wengi wa Tanzania huijua kwa jina la mamama. Wengine husema uyoga wa chaza, kwa kuwa kofia yake hufanana na gamba la chaza. Kilimo chake kilianza Ujerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, chakula kilipokuwa adimu. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, watafiti walichapisha mwaka 2008 matokeo ya kulima uyoga wa jamii hiyo juu ya mabaki ya mkonge.

Kulima au kuokota?

Wengi waliokulia vijijini Afrika Mashariki wamezoea kuokota uyoga mweupe unaochipua kwenye vichuguu baada ya mvua. Mazoea hayo ni ya hatari Marekani. Mchwa wanaootesha uyoga huo hawapo Amerika Kaskazini, na uyoga mweupe wa kupendeza katika misitu ya Minnesota waweza kuwa Amanita bisporigera, wenye sumu inayoharibu ini. Dalili zake huchelewa kwa saa 6 au zaidi, na kutapika kunapoanza sumu huwa imekwisha kuenea mwilini. Kuupika hakuondoi sumu hiyo. Anayeshuku kuwa ameula aende hospitali mara moja, bila kungoja dalili, na achukue mabaki ya uyoga huo.

Anayelima mwenyewe kwa mbegu alizonunua kwa muuzaji anayeaminika anajua anachokula.

Matayarisho

Uyoga huu hula mabaki makavu ya mimea. Nyumbani hutumika mabua, pumba, majani ya migomba na mashudu ya pamba. Huko Minnesota, kinachopatikana kwa urahisi ni mabua ya ngano na shayiri. Anoka, mji unaojiita makao makuu ya Halloween duniani na ulioanza sherehe hizo mwaka 1920, hupambwa kwa marobota ya mabua kila Oktoba. Robota lililonyeshewa na kuota ukungu lisitumike.

Mabua hukatwa vipande vya sentimita 5 hadi 10, kisha hutumbukizwa katika maji ya moto wa nyuzi 65 hadi 80 za selsiasi kwa saa moja hadi mbili, ili kuua vijidudu vinavyoshindana na uyoga. Baadaye huchujwa na kuachwa yapoe kabisa. Kipimo cha unyevu ni mkono: yakikamuliwa kwa nguvu yatoe matone machache tu.

Mbegu za uyoga ni nafaka iliyokwisha kuvamiwa na utando mweupe. Kwa kila kilo 10 za mabua mabichi, gramu 500 za mbegu zatosha. Mikono ioshwe, mbegu zichanganywe na mabua, na mchanganyiko ushindiliwe katika mfuko wa plastiki wenye matundu madogo.

Giza, kisha hewa

Mfuko hukaa gizani, katika joto la nyuzi 20 hadi 24, kwa wiki mbili hadi tatu, mpaka utando mweupe uenee kote. Madoa ya kijani ni ukungu. Mfuko wa namna hiyo utolewe nje ya nyumba.

Baada ya hapo uyoga hutaka mambo manne: ubaridi wa nyuzi 13 hadi 20, mwanga wa kutosha kusomea, hewa safi, na unyevunyevu wa asilimia 85 au zaidi. Chumba cha chini ya nyumba, kilicho cha kawaida Minnesota, hufaa kwa ubaridi wake. Tatizo ni kwamba mitambo ya kupasha joto hukausha hewa. Dawa yake ni hema dogo la plastiki juu ya mfuko, linalonyunyiziwa maji mara kadhaa kwa siku na kufunuliwa kupitisha hewa. Shina refu lenye kofia ndogo ni dalili kuwa hewa haitoshi.

Mavuno huja mara mbili au tatu. Kilo moja ya mabua makavu yaweza kutoa hadi kilo moja ya uyoga mbichi. Uvunwe kabla ukingo wa kofia haujanyooka, kwani ukikomaa hutoa chembe za uzazi laini kama unga, zinazoweza kudhuru mapafu. Mifuko isiwekwe katika chumba cha kulala, na mwenye pumu ajihadhari zaidi. Uyoga upikwe uive vizuri.

Onyo kuhusu rangi ya dhahabu

Wauzaji wa mbegu hutoa pia aina ya manjano, Pleurotus citrinopileatus, yenye asili ya mashariki ya Urusi, China na Japani. Aina hiyo ilitoroka mikononi mwa wakulima na sasa inamea yenyewe katika misitu ya majimbo kadhaa, Minnesota ikiwamo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025, uliofanywa katika jimbo jirani la Wisconsin, ulionyesha kuwa miti iliyovamiwa nayo ilikuwa na karibu nusu tu ya aina za kuvu zilizokutwa katika miti mingine. Kwa hiyo mkulima wa Anoka achague mbegu za kijivu za Pleurotus ostreatus, ambao ni mwenyeji wa misitu hiyo, na aliyekwisha kuotesha ule wa manjano asiutupe mfuko wake uani.