Noti ya Zamani: Lini Fedha Hukoma Kuwa Fedha?

Huenda umewahi kukuta noti kuukuu ndani ya kitabu au katika pindo la kanga ya bibi, ukajiuliza kama duka lolote lingeipokea. Kwa mtu aliyeishi nchi moja maisha yake yote, swali hilo ni dogo. Kwa mkaazi wa Nakivale ni zito. Makazi hayo ya wakimbizi, yaliyomo wilayani Isingiro, kusini-mashariki mwa mji wa Mbarara, yamekusanya watu waliokimbia wakiwa na akiba za nchi nyingine: Wanyarwanda tangu mwisho wa miaka ya 1950, kisha Wakongomani, Warundi, Wasomali na wengineo.

Tuanze na istilahi. Noti za Tanzania zimeandikwa kwamba ni "fedha halali kwa malipo". Uhalali huo hutolewa kwa sheria na huondolewa kwa sheria. Karatasi yenyewe haibadiliki hata chembe. Tena yapo mambo matatu ambayo watu huyachanganya: noti kukoma kuchapishwa, noti kukoma kuwa halali sokoni, na Benki Kuu kukoma kuibadilisha. Noti yaweza kulifikia la kwanza bila ya kulifikia la pili. Uganda ilipotoa noti mpya mwezi Mei 2010, zile za awali ziliendelea kutumika sambamba nazo, na aliyekuwa nazo hakupoteza kitu.

Haikuwa hivyo siku zote. Idi Amin alipong'olewa mwezi Aprili 1979, noti zenye sura yake ziliondolewa, na mahali pake zikaja noti zenye picha ya jengo la Benki ya Uganda. Tukio la Mei 1987 lilikuwa kali zaidi. Serikali ya Yoweri Museveni, iliyoshika madaraka Januari 1986 huku bei zikipanda bila breki, iliamuru kwamba shilingi 100 za zamani ziwe shilingi 1 mpya. Kufuta sifuri mbili si dhuluma, maana bei nazo hupunguzwa vivyo hivyo. Kilichouma ni kodi ya asilimia 30 iliyotozwa wakati wa kubadilisha. Piga hesabu nami: mfugaji wa Mbarara aliyeuza ng'ombe na kuweka shilingi 100,000 alistahili shilingi 1,000 mpya, lakini mkononi alipata 700. Jirani yake ambaye hakuuza ng'ombe wake alibaki na ng'ombe mzima. Nadhani hesabu kama hiyo humfundisha mtu kuhusu fedha kuliko somo zima la darasani.

Sasa turudi Nakivale. Tarehe 7 Juni 2023, Benki ya Jamhuri ya Burundi ilitangaza kwamba noti za faranga 5,000 na 10,000 za toleo la mwaka 2018 zingekoma kutumika, na wenye nazo wakapewa siku 10 kuzipeleka benki. Aliyekuwa Bujumbura alipanga foleni. Mrundi aliyezificha noti hizo katika kibanda chake Nakivale angefanya nini? Ili aifikie kaunta ya benki kwao ilimpasa avuke Tanzania au Rwanda, kisha aingie katika nchi ileile aliyoikimbia. Muda uleule uliomtosha raia ulikuwa kufuli kwa mkimbizi. Kenya, mwaka 2019, iliwapa watu miezi minne kurudisha noti za shilingi 1,000. Hata hivyo, kati ya noti milioni 217, zipatazo milioni 7.4 hazikurudi. Tanzania nayo ilitoa siku 90, kuanzia 6 Januari hadi 5 Aprili 2025, kwa noti zilizotolewa kati ya 1985 na 2003 pamoja na ile ya shilingi 500 ya mwaka 2010.

Usidhani kwamba sheria ndiyo yenye neno la mwisho. Wakongomani wenye umri watakukumbusha Oktoba 1993, Mobutu alipoleta zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zamani. Watu wa Kasai waliikataa, wakaendelea kununuliana unga kwa noti ambazo Kinshasa ilikuwa imezitangaza kuwa zimekufa. Wasomali wana kisa cha ajabu zaidi. Benki yao kuu ilisambaratika pamoja na serikali mwaka 1991, lakini shilingi ya Somalia iliendelea kupita mkono kwa mkono, hata baada ya noti nyingi mno za bandia kuingia sokoni. Hapakuwa na wa kuzitetea wala wa kuzifuta. Soko peke yake lilizikubali.

Dola ya Marekani iko upande wa pili kabisa. Marekani haijaifuta noti yake yoyote iliyotolewa tangu 1861. Lakini nenda na dola za miaka ya 1990 kwenye duka la kubadilishia fedha mjini Mbarara: huenda zikakataliwa, au ukapewa bei ya chini kuliko aliyepewa mwenye noti mpya. Mkongomani atakuambia kwamba kwao hata mchaniko mdogo pembeni hutosha kuikataa dola. Noti ni halali, na bado hailipi chakula.

Kwa hiyo, msomaji wangu, ukikabidhiwa noti ya zamani, usiulize tu kama ni halali. Soma mwaka wa toleo lake, kisha uulize nani aliitoa, na kama yeye bado anaibadilisha. Kwa noti ya Uganda, Benki ya Uganda ina tawi Mbarara, na jibu la huko lina uzito kuliko la mchuuzi wa stendi ambaye angefurahi kuinunua kwa nusu ya thamani. Kwa noti ya Burundi au ya Tanzania, jibu liko kwa benki kuu ya nchi husika, na tarehe ya mwisho hutangazwa huko kwanza. Mwenye ndugu aliyebaki nyumbani na amwombe amsikilizie redio.