Uyoga wa Vichuguuni na Tarehe ya Kujulikana Kwake

Mnamo mwaka 1980 wataalamu wawili, David Pegler wa bustani ya Kew kule Uingereza na Graham Piearce aliyekuwa akishughulikia misitu ya Zambia, walitangaza aina ya uyoga ambayo ilikuwa haijapata kuandikwa katika vitabu vya sayansi. Waliipa jina la Termitomyces titanicus, maana kofia yake huweza kufikia upana wa karibu mita moja. Miongoni mwa nyoga zinazoliwa duniani hakuna ulio mkubwa kuliko huo. Hapa yafaa tujiulize: kitu kinachoushinda ungo kwa upana, kinachochomoza juu ya vichuguu kila mvua zinaponyesha, na ambacho watu hukichuma na kukiuza kandokando ya barabara, kiliwezaje kuhesabiwa kuwa kigeni hadi miaka 16 baada ya Zambia kujitawala? Wabemba walikwisha kuuita chingulungulu. Makala haya yana nia ya kuichungua tarehe hiyo ya kujulikana, kwani ndani yake mna pia tarehe ya maneno.

Kabla ya kuendelea, hatuna budi kuyaeleza makazi ya uyoga huu. Miombo ni misitu ya miti ya jenasi za Brachystegia, Julbernardia na Isoberlinia, iliyotanda kutoka Angola hadi Msumbiji, ikipitia Katanga, Zambia, Malawi na magharibi na kusini mwa Tanzania. Kwetu Kenya ni haba mno. Msomaji atauona mti mmoja wa ukoo huo, mrihi, katika msitu wa Arabuko-Sokoke karibu na Malindi. Udongo wa miombo kwa jumla hauna rutuba nyingi, na miti mikavu na majani yaanguapo huchelewa kuoza. Kazi hiyo hufanywa kwa sehemu kubwa na mchwa. Lakini mchwa hawa peke yao hawaiwezi lignini, yaani kile kitu kigumu kiushikiliacho mti. Kwa hiyo huumeza mti, wakautoa katika kinyesi, na kwa kinyesi hicho wakajenga masega ndani ya kichuguu. Juu ya masega huota kuvu, nayo huilainisha lignini; kisha mchwa huyala masega pamoja na kuvu yenyewe. Uyoga tuuonao sisi ni tunda tu la kuvu hiyo, lililopenya udongo kwa shina refu mfano wa mzizi.

Ushirika huu ni wa kale kupita kiasi. Katika bonde la Rukwa, kusini-magharibi mwa Tanzania, yamepatikana masega ya namna hii yaliyogeuka mawe, yenye umri wa miaka milioni 25 hivi. Habari zake zilichapishwa mwaka 2016.

Ama kuhusu maandishi ya Wazungu, Henry Smeathman, aliyeishi Sierra Leone katika miaka ya 1770, aliielezea mchwa jamii ya wasomi wa London mwaka 1781. Aliona katika vyumba vya makinda vidonge vyeupe vidogo kama kichwa cha pini, akadhani ni mayai. Alipovitazama kwa hadubini akaona vyafanana na uyoga. Jenasi yenyewe haikupewa jina hadi mwaka 1942, na Mfaransa Roger Heim, ambaye alilijenga kwa kuunganisha neno la mchwa na neno la kuvu. Majina ya aina zake mengi ni ya sura ya uyoga au ya heshima kwa Wazungu: letestui, mathalan, ni kumbukumbu ya Le Testu. Jina moja lakini limetoka vinywani mwa wachumaji. Mwishoni mwa karne ya 19 Cooke na Massee walipoandika juu ya uyoga wa Natal waliuita umkowaan, neno ambalo Mzulu ataling'amua mara moja, ingawa limepotoshwa, kuwa ni lile lile ikhowe la kwao. Kwa maoni yetu, herufi hizo zilizopotoshwa zina thamani kuliko titanicus, kwa kuwa zinakiri kwamba kulikuwa na mwenyeji aliyeulizwa.

Na Kiswahili je? Lugha ya pwani imetosheka na neno uyoga. Wachewa wana bowa, Waluhya wana obwoba, na sikio halikosi kuusikia udugu wao. Uyoga wetu umekaa kando. Waganda nao wana obutiko, neno lililokuwa pia jina la ukoo mzima. Zaidi ya hayo, wakaao miomboni hawasemi uyoga tu, bali huutenga huu na ule kwa jina, na kosa la jina laweza kuua. Elimu hiyo imekaa hasa kwa wanawake na watoto wachumao, watu ambao watunga kamusi hawakuwa na desturi ya kuketi nao. Wapo waliojitahidi: Marja Härkönen wa Finland na Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao, walichapisha mwaka 1995 kazi juu ya nyoga zinazoliwa Tanzania, na nyingine mwaka 2003. Inasikitisha kwamba walioanza ni wataalamu wa mimea, si sisi wa lugha.

Nao msitu haungoji. Urambo, katika miombo ya Unyamwezi, ulikuwa mmojawapo wa mahali palipofyekwa kwa matrekta katika ule Mpango wa Karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuvunjwa mwaka 1951. Karanga zilishindwa, baadaye ikaja tumbaku, ambayo hukaushwa kwa moto wa kuni za miombo hiyo hiyo. Makaa ya kupikia mijini yameongeza mzigo. Pasipo mti mkavu mchwa hawana cha kupeleka masegani.

Uyoga unaouzwa madukani Nairobi ni wa aina nyingine, zinazokubali kupandwa katika vumba na mabua. Huu wa vichuguuni hajatokea mtu aliyefaulu kuulima kwa biashara, hata baada ya majaribio mengi. Mkulima wake angali mchwa, na autakaye hungoja mvua.