Mgogoro wa Maji ya Arrowhead

Mgogoro wa Maji ya Arrowhead ni mvutano wa muda mrefu kuhusu uchukuaji wa maji ya kuuzwa kwenye chupa kwa jina la Arrowhead katika msitu wa taifa wa San Bernardino, jimbo la California, Marekani. Maji hayo yalikuwa yakitoka kwenye visima na vichuguu vilivyochimbwa katika korongo la Strawberry, kisha kusafirishwa kwa bomba.

Mvutano ulipamba moto mwaka 2015, katikati ya ukame mkali. Gavana Jerry Brown alikuwa ameagiza matumizi ya maji mijini yapunguzwe kwa asilimia 25, na wananchi wakaacha bustani zao zikauke. Gazeti la The Desert Sun lilifichua kuwa kibali cha bomba la kampuni ya Nestlé, iliyokuwa ikiuza maji hayo, kilikwisha muda wake mwaka 1988, ilhali maji yaliendelea kuchukuliwa. Ada ya kibali hicho ilikuwa dola 524 tu kwa mwaka. Mashirika ya mazingira yalifungua kesi dhidi ya Idara ya Misitu iliyoruhusu hali hiyo.

Kampuni ilidai haki ya maji iliyorithiwa tangu karne ya 19. Wanamazingira walijibu kwamba kukauka kwa kijito cha korongo hilo huangamiza samaki, ndege na mimea inayokitegemea.

Mwaka 2021 Nestlé iliuza biashara hiyo, nayo ikapewa jina la BlueTriton. Septemba 2023 bodi ya maji ya jimbo iliiamuru BlueTriton isitishe sehemu kubwa ya uchukuaji huo.