Jinsi ya kupima malipo ya fundi anapobadilisha rejeta

GARI linapochemka na rejeta kuhitaji kubadilishwa, madereva wa Ndabibi, karibu na Ziwa Naivasha katika Kaunti ya Nakuru, hujiuliza swali moja: Je, fundi anastahili kulipwa pesa ngapi?

Anayelipa kupita kiasi huumia mfukoni. Naye anayeng'ang'ania bei ya chini kupindukia huenda akafanyiwa kazi ya kulipua, injini ikachemka tena na gasketi ya silinda kuungua. Hasara hiyo hushinda mbali bei ya rejeta yenyewe.

Kabla ya kukubali kipuri kibadilishwe, hakikisha ndicho kilichoharibika. Naivasha iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwa karibu nyuzi 94 badala ya 100. Kifuniko cha rejeta ndicho hudumisha shinikizo linalozuia maji kuchemka mapema. Kifuniko kilicholegea, mpira uliopasuka, themostati iliyokwama au feni isiyozunguka huweza kuleta dalili zile zile, na tiba yake ni nafuu zaidi.

Kipimo cha kwanza cha malipo ni muda. Katika magari mengi madogo, kazi hii huchukua saa moja hadi mbili baada ya injini kupoa: kumwaga maji, kufungua feni na mipira, kufunga rejeta mpya, kujaza maji, kutoa hewa na kuchunguza kama kuna mvujo. Magari makubwa huhitaji muda zaidi. Mengi yenye gia za otomatiki hupitisha mafuta ya gia ndani ya rejeta, hivyo kazi huongezeka na mafuta hayo hulazimu kuongezwa.

Tuseme fundi hutoza Sh2,500 kwa siku ya saa nane. Saa mbili ni takriban Sh625. Ongeza kiasi cha haki kwa zana, ujuzi na dhamana ya kazi. Akitaka Sh1,200, hiyo si dhuluma. Akidai Sh6,000, ana wajibu wa kueleza.

Pili, tenganisha hesabu tatu: bei ya kipuri, malipo ya ufundi na nauli ya kufuata kipuri mjini Naivasha. Nauli hiyo ni gharama halali, mradi itajwe mapema. Usikubali ufundi ukadiriwe kwa asilimia ya bei ya kipuri, kwa maana kufunga rejeta ya bei ghali hakuchukui muda mrefu kuliko kufunga ya bei nafuu inayotoshea gari lilo hilo.

Sheria pia humkinga mteja. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 humpa haki ya huduma ya kiwango kinachofaa na habari anazohitaji. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 nayo inashughulikia urekebishaji wa magari, yakiwemo makadirio ya gharama kabla ya kazi kuanza.

Kwa hivyo, andikianeni bei, omba risiti na udai rejeta kuukuu. Injini ikiwa imepoa, kagua kiwango cha maji baada ya siku moja. Fundi mwaminifu hatachukizwa na maswali hayo, naye akishamaliza kazi vyema, mlipe bila kumzungusha.