Gango Limumunyikalo

Mtu aliyevunjika mguu, akapasuliwa na kuungwa mfupa kwa bamba na parafujo, watu husema "amewekewa chuma". Na siku arudipo kupasuliwa mara ya pili husema "amekwenda kutolewa chuma". Semi hizi mbili zilitutosha muda wote ambao chuma kilichoingia mwilini kilibaki vile vile mpaka kitolewe, au mwenyewe azikwe nacho. Lakini sasa iko metali isiyotolewa wala isiyobaki: hushika mfupa kwa miezi kadhaa, kisha hupungua kidogo kidogo hata ikaisha, na lugha yetu inadaiwa jina lake. Jina hilo si pambo, kwani kwa mgonjwa wa figo neno lisilo sahihi laweza kusitiri hatari ambayo neno sahihi lingeifichua.

Wapo waitao tabia hiyo kuoza; lakini nyama na mti huoza kwa kazi ya vijidudu, metali haiozi, na mgonjwa aambiwaye kuna kitu kinaoza ndani ya mfupa wake hupatwa na khofu bila ya sababu. Wapo waiitao kuyeyuka. Lakini risasi huyeyuka kwa moto, na tena neno hili limezoea kusemwa juu ya vitu vilivyotoweka pasijulikane vilikokwenda. Kuliwa na kutu ni jirani zaidi na ukweli, ila kutu kwetu ni uharibifu, ilhali hapa kupungua ndiko kulikokusudiwa. Mimi nachagua kumumunyika. Mtazame bibi kizee asiye na meno atiaye kipande cha sukari guru kinywani: hakitafuni wala hakivunji, hukiacha mate yakizunguke mpaka pembe zake zikalainika na kipande kikawa chembe, na kila kitokacho katika kipande kile, hukimeza. Katika kumumunya, daima yuko mwenye kumeza.

Ama kitu chenyewe, hospitalini huitwa kipandikizi, nalo ni neno jema; lakini kilichopandwa hutarajiwa kukaa na kustawi. Wazee walikuwa na gango, kitu cha kushikanisha kilichovunjika, ndugu wa kitenzi kuganga, nalo huondoka mfupa ukisha kushika. Kwa hiyo nasema gango limumunyikalo.

Metali iliyojaribiwa zaidi katika kazi hii ni magnesiamu. Albin Lambotte, tabibu mpasuaji wa Ubelgiji, aliitumia mwanzoni mwa karne ya 20, akalifunga bamba la magnesiamu kwa parafujo za chuma. Metali mbili zilipokutana katika maji ya mwili zikafanya kazi kama betri, gesi ya hidrojeni ikajaa chini ya ngozi, na baada ya siku 8 bamba lilikuwa limekwisha kuvunjikavunjika. Miaka zaidi ya 100 ilipita, mafundi wakitafuta michanganyiko yenye subira, hata mwaka 2013 parafujo ya magnesiamu iliyotengenezwa Ujerumani ikaruhusiwa kutumika Ulaya.

Magnesiamu si sumu kwa asili yake. Mwili wa mtu mzima unayo gramu 25 hivi, na zaidi ya nusu yake imo mifupani. Figo timamu hutoa miligramu 100 hivi kila siku katika mkojo, zikizidisha au kupunguza kwa kadiri ya haja. Figo zikidhoofika, mlango huo hubana. Magnesiamu ikirundikana katika damu, mtu huona kichefuchefu na ulegevu, kisha goti lake likigongwa mguu hauruki, na ikizidi mno pumzi na moyo husimama. Ndiyo sababu wagonjwa wa figo huonywa wasijinywee ovyo dawa za kiungulia na za kufungua choo zenye madini hayo.

Basi na tupige hesabu. Parafujo ya unene wa milimita 3 na urefu wa milimita 24 ina uzito wa gramu 0.3 hivi; ikimumunyika kwa mwaka mzima, huutia mwili chini ya miligramu 1 kwa siku, kitu kidogo mno mbele ya sahani ya maharage. Lakini bamba la gramu 9, likimumunyika kwa miezi 4, hutoa miligramu 75 kila siku, na mwenye figo dhaifu hana pa kuzipeleka. Usalama wa gango hili, basi, hupimwa kwa mambo matatu pamoja: uzito wake, kasi yake, na nguvu ya figo za mwenye kuwekewa.

Tena magnesiamu haiingii peke yake. Baadhi ya michanganyiko ina alumini, ambayo katika miaka ya 1970 iliwatia maradhi ya ubongo na ya mifupa wagonjwa wa figo waliosafishwa damu kwa mashine zilizotumia maji yenye alumini. Na mfupa wa mgonjwa wa figo wenyewe huwa dhaifu na hukawia kuunga, hata gango laweza kwisha kabla ya kazi yake.

Tabibu akimwambia mgonjwa, "Mzee wangu, chuma hiki kitayeyuka," mazungumzo yamekwisha. Akimwambia, "Kitamumunyika," mzee atauliza ni nani atakayekimeza; naye atajibiwa, "Ni figo zako, mzee; kwa hiyo tutazipima kwanza, tutahesabu na dawa unazokunywa, na tukiona haziwezi, tutakuwekea titani, metali isiyomumunyika, ikae."