Mbao za Froude

Manahodha wa pwani walijua tangu kale kwamba chombo kilichopakwa deheni huteleza majini kwa wepesi. Walijua kwa mkono na kwa jicho. Mwaka 1872, huko Torquay, Uingereza, mhandisi William Froude alikokota mbao nyembamba katika birika refu la maji, akapima nguvu iliyohitajiwa. Baadhi zilipakwa vanishi. Nyingine zilivikwa kitambaa cha pamba au kubandikwa mchanga. Zile za kitambaa zilizuiwa na maji karibu maradufu ya zile za vanishi. Hivyo ukwaruzaji ukapata hesabu yake, na waunda meli wakapata pa kuanzia. Basi, ndugu mwalimu, ukifundisha neno “msuguano”, anza na deheni, kisha umfikishe mwanafunzi kwenye kipimo.