Mionzi ya Manyoni na hesabu ya miaka

Mwishoni mwa miaka ya 1970 ndege za utafiti zilipita juu ya Tanzania zikipima mionzi ya ardhi, na miongo mitatu baadaye kampuni ya Uranex ya Australia ikawa inachoronga mbuga za Manyoni, mkoani Singida, ikitafuta urani. Wengi hudhani kazi hiyo ni nyepesi: kifaa cha kupima mionzi kikilia sana, urani ni tele. Sivyo, na sababu ilianza kujulikana mwaka 1902 huko Montreal, wanasayansi Rutherford na Soddy walipotenga kutoka kwenye toriamu dutu yenye mionzi mikali. Nguvu ya dutu hiyo ilishuka hadi nusu kwa siku nne hivi. Toriamu iliyoachwa nyuma ikajirudishia nguvu yake kwa mwendo uleule. Mama alikuwa anazaa mtoto upya, na mtoto ndiye aliyekuwa akipiga kelele.

Urani nayo ni mama kama huyo: urani-238 hupungua kwa nusu katika miaka bilioni 4.5. Nani alisubiri? Hakuna aliyehitaji kusubiri. Katika gramu moja, atomu kama 12,400 humeguka kila sekunde. Ukijua gramu ina atomu ngapi, kilichobaki ni hesabu fupi. Kwa hesabu hiyo graniti za Singida, zenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, bado zina kama theluthi mbili ya urani ziliyozaliwa nayo.

Lakini urani ya mbugani si ya pale. Maji yaliiyeyusha kutoka kwenye graniti, yakaituamisha katika mfinyanzi na chokaa, ambako huonekana kama unga wa manjano. Mionzi mikali inayonaswa na kifaa hutoka kwa vitukuu vyake, vinavyozaliwa baada ya mzao mwingine wa urani, radiamu, na kizazi hicho huhitaji mamia ya maelfu ya miaka kutimia. Bonge changa la manjano laweza kunyamaza. Udongo ambao urani yake imeshachukuliwa na maji, radiamu ikabaki, waweza kulia kwa nguvu.

Mtu atasema vipimo vya mionzi vimegundua migodi mingi duniani. Ni kweli, hasa kwenye miamba mikongwe ambako mama na vizazi vyake wameshalingana. Hata Manyoni kifaa huonyesha pa kuchoronga. Ila kiasi cha urani lazima kithibitishwe na maabara ya kemia. Kwa mchota maji kisimani hesabu ni nyingine kabisa, kwa kuwa kinachomhusu ni mionzi, si kiasi cha urani: radiamu iliyoachwa huchukua miaka 1,600 kupungua kwa nusu, hata kama urani haipo tena.